Je, Wajua? Injekta Ndiyo Inayoshika Roho ya Pikapu ya Dizeli

Je, wajua kwamba injini ya dizeli haina plagi hata moja ya kutoa cheche? Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka joto lake linapita nyuzi 500 za Selsiasi, kisha dizeli hupulizwa humo na kuwaka yenyewe. Kinachopuliza ni injekta, kifaa kinachoenea kiganjani ambacho gereji nyingi hukiita nozeli. Injini ya silinda nne ina injekta nne. Zikiwa nzima, mwenye gari husahau kama zipo. Moja tu ikichoka, gari linamisi, moshi unatanda nyuma, tanki linakauka kabla ya safari kwisha, na ukizidi kuliendesha hivyo unaweza kutoboa pistoni.

Ndiyo maana kila mwenye Hilux, D-Max au Ranger iliyotembea sana hufika siku ya kuuliza: ninunue injekta gani? Dukani atakuta mpya ya kampuni, iliyofanyiwa ukarabati, ya mtumba na ya bandia, na bei zake zinapishana mara kadhaa. Wengi hupima kwa bei na kwa uzuri wa boksi. Kipimo cha kweli ni kingine, na ili kukielewa ni lazima kwanza tujue kifaa chenyewe kinafanya nini.

Safari ya miaka mia moja

Injini ya kwanza ya Rudolf Diesel iliyofanya kazi vizuri iliwashwa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Mafuta yake yalisukumwa kwa hewa iliyobanwa, na kompresa ya kazi hiyo ilikuwa kubwa mno kubebwa na gari, kwa hiyo injini za dizeli zilibaki viwandani na melini. Mambo yalibadilika mwaka 1927, kampuni ya Robert Bosch ya Stuttgart ilipoanza kutengeneza kwa wingi pampu ya dizeli inayosukuma mafuta moja kwa moja hadi kwenye nozeli. Malori ya dizeli yakaenea barabarani.

Kwa miongo mingi nozeli ilikuwa kitu cha chuma na springi tu. Pampu ikisukuma, presha inaishinda springi, sindano inanyanyuka, mafuta yanatoka. Ndizo zilizomo kwenye Hilux za zamani za injini ya 2L na 3L, na kwenye Land Cruiser za 1HZ ambazo bado zinachapa kazi katika barabara zetu za vumbi. Fundi pampu mwenye mashine ya mkono huifungua, huipima na kuirekebisha siku hiyohiyo.

Mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani ilipeleka sokoni, kwenye lori la Hino, mfumo wa komoni reli: pampu moja hujaza bomba nene kwa presha kubwa, na kila injekta huchota humo kwa amri ya kompyuta. Mwaka 1997 Alfa Romeo 156 ikaleta mfumo wa aina hiyo kwenye gari dogo. Hilux iliyoenea kuanzia 2005, yenye injini za 2KD za lita 2.5 na 1KD za lita 3.0, ni ya ukoo huo. Kwenye pikapu hizo injekta si nozeli ya springi tena.

Kinachotokea ndani

Presha ndani ya reli (lile bomba nene) ya 1KD hufika baa 1,600. Tairi la gari dogo hujazwa baa 2 na kitu, kwa hiyo dizeli ile imebanwa karibu mara 700 ya upepo wa tairi. Pikapu mpya hupita baa 2,000, na mwaka 2013 Denso ilitangaza mfumo wa baa 2,500. Bomba la presha hiyo likivuja wakati injini inaunguruma, usitafute uvujaji kwa kidole kamwe. Mchirizi mwembamba hupenya ngozi na kuingiza dizeli ndani ya nyama. Jeraha huonekana dogo kama kitone, lakini ni la kupasuliwa hospitalini haraka.

Wengi hudhani umeme ndio unaoinua sindano ya injekta. Presha ile ni kubwa mno kwa sumaku ndogo ya umeme iliyomo ndani yake. Sindano imebanwa na dizeli juu na chini kwa wakati mmoja. Umeme hufungua kivalvu kidogo sana kilicho juu, dizeli ya juu inapunguka kwa kurudi tanki, na hapo presha ya chini ndiyo inayoisukuma sindano ipande. Kivalvu kikifungwa, sindano inashuka. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mchezo huo hutokea mara 25 kwa sekunde katika kila silinda. Ongeza tone dogo la utangulizi linalopulizwa kabla ya mpulizo mkuu ili injini isigonge, unafika mara 50. Tone hilo la utangulizi ni milimita moja au mbili za ujazo, na lita moja ya dizeli ina milimita za ujazo milioni moja.

Ili vipimo hivyo vishike, nafasi kati ya sindano na nyumba yake ni mikroni 2 hadi 4, yaani sehemu mbili hadi nne kati ya elfu za milimita. Matundu ya ncha yana upana wa sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Na hakuna oili inayolainisha humo. Kinachoilainisha injekta ni dizeli yenyewe.

Kinachoiua

Ukishajua kwamba dizeli ndiyo inayoilainisha injekta, unajua pia kwa nini mafuta yaliyochakachuliwa ni sumu. Mafuta ya taa yanawaka vizuri, lakini ni membamba na hayalainishi kama dizeli. Chuma kinasuguana na chuma, sindano inachubuka, kivalvu kinaanza kuvuja. Tanzania ilianza kutia vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010 kupitia EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ili kuwanasa wachakachuaji, na Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli.

Adui wa pili ni maji, yanayoleta kutu ndani ya kifaa kisichovumilia hata chembe. Wa tatu ni vumbi linaloingia kwa madumu, mipira ya kunyonyea na filta za bei ya chini. Filta nzuri ya komoni reli huzuia chembe za mikroni chache tu. Ya kubahatisha hupitisha mchanga ambao jicho haliuoni lakini injekta inausikia.

Kwa hiyo fedha ya kwanza si ya injekta. Ni ya kusafisha tanki, kumwaga maji kwenye chombo cha kuyatenganishia na kuweka filta ya kweli. Ukifunga injekta mpya kwenye tanki chafu, utarudi dukani mapema.

Hakikisha ni injekta kweli

Gari la komoni reli lenye injekta zinazovuja mara nyingi hukataa kuwaka asubuhi. Mwenye gari huambiwa pampu imekufa, anaibadilisha kwa fedha nyingi, na gari bado halitaki. Kilichotokea ni kwamba vivalvu vilivyolika vinarudisha dizeli tanki kabla presha haijapanda.

Kwenye injini ambazo mabomba ya marejeo, yanayorudisha dizeli tanki, yako nje, kipimo ni rahisi na unaweza kukisimamia mwenyewe. Fundi huchomoa vimabomba hivyo, huunganisha kila injekta na chupa yake inayoonyesha ndani, kisha huacha injini iungurume dakika chache. Chupa tatu zikiwa na mafuta kidogo yanayolingana na ya nne imejaa, mgonjwa umemwona kwa macho yako. Kwenye 1KD mabomba hayo yamefichwa chini ya kifuniko cha juu cha injini, kwa hiyo injekta hupelekwa kwenye mashine ya kupimia. Kabla ya hapo, fundi asome kompyuta ya gari. Itamwonyesha ni kiasi gani cha dizeli inaongeza au kupunguza kwa kila silinda ili injini itulie. Namba iliyo karibu na sifuri ni njema. Ikipita milimita 3 za ujazo juu au chini, injekta hiyo ina la kujieleza.

Sokoni kuna aina tano

Ya kwanza ni mpya, iwe kwenye boksi la kampuni ya gari au la mtengenezaji wa injekta mwenyewe kama Denso, Bosch au Delphi. Mara nyingi kifaa ni kilekile na boksi la mtengenezaji lina bei nafuu. Huu ndio ununuzi bora kwa mwenye uwezo.

Ya pili ni iliyokarabatiwa na mtengenezaji au karakana aliyoiidhinisha. Mwili wa zamani husafishwa, ncha na kivalvu hubadilishwa kwa vipya, kisha hupimwa na kupewa msimbo mpya. Kwa pikapu ya kazi, hii ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi.

Ya tatu ni iliyokarabatiwa mtaani. Hapa kila kitu kinategemea fundi, spea alizotumia na mashine yake. Wapo mafundi wazuri sana, na dalili yao ni moja: hawakatai kukuonyesha vipimo.

Ya nne ni ya mtumba, iliyong'olewa kwenye gari lililofika likiwa limekufa. Hujui ilitembea kiasi gani wala ilikunywa mafuta gani. Bila kupimwa, ni bahati nasibu.

Ya tano ni ya bandia, iliyovaa jina na nembo ya watu. Boksi linaweza kuwa halisi na kilichomo kisiwe. Linganisha namba. Injekta ya 1KD, kwa mfano, inaweza kuwa na namba ya Toyota 23670-0L050 na ya Denso 095000-8290. Namba zilizo kwenye mwili wa kifaa zilingane na za boksi na za ile uliyoitoa, mpaka tarakimu ya mwisho, kwa sababu injekta mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kwa matundu na kwa kiasi cha mafuta.

Msimbo na karatasi

Hakuna kiwanda kinachoweza kutoa injekta mbili zinazopuliza sawasawa kabisa. Kwa hiyo kila moja hupimwa ikiwa mpya, na tofauti yake huandikwa kwa msimbo juu ya mwili wake. Kwenye 1KD msimbo huo una herufi na tarakimu 30. Fundi huuingiza kwenye kompyuta ya gari ili iijue injekta hiyo na kuisahihisha. Fundi asiyeuingiza anaiacha kompyuta ikiongoza injekta mpya kwa taarifa za ile ya zamani, na mteja hurudi akilalamika kuwa kitu kipya kinagonga.

Iliyokarabatiwa nayo iwe na karatasi ya mashine inayoonyesha mambo manne: kiasi kinachopulizwa injini ikiunguruma tu, ikiwa na mzigo mkubwa, kiasi cha tone la utangulizi, na kiasi cha marejeo. Kila kimoja kiwe na kiwango kinachoruhusiwa pembeni yake. Karatasi hiyo ndiyo unayoinunua, na injekta inakuja nayo.

Kubwa zaidi si bora zaidi

Marekani, ambako pikapu zenye injini za Cummins na Duramax huongezewa nguvu, kuna soko kubwa la injekta za matundu mapana. Zinaingiza dizeli nyingi, lakini dizeli hiyo inahitaji hewa zaidi na programu mpya ya kompyuta. Bila hivyo unapata moshi mweusi, joto kali kwenye ekzosi na pistoni zinazopasuka. Pikapu inayopandisha mbao milimani ibaki na kipimo cha kiwanda.

Kufunga

Injekta njema huharibiwa na ufungaji mbaya. Chini yake kuna washa ya shaba inayozuia gesi ya silinda isipande. Kwenye 1KD washa hiyo ikilegea, masizi huingia kwenye oili, yakaganda kwenye chujio la kunyonyea oili chini ya injini, na siku moja injini inakosa oili ikiwa safarini. Injini nzima inakufa kwa sababu ya washa. Kwa hiyo dai washa mpya, kikalio kilichosafishwa mpaka king'ae, mabomba ya presha mapya pale mtengenezaji anapoagiza, na bolti zilizokazwa kwa spana ya kipimo. Mabomba yakifunguliwa yazibwe papo hapo, vumbi lisiingie.

Ukienda dukani, nenda na namba ya injekta yako ya zamani mkononi. Uliza msimbo, uliza karatasi ya vipimo, uliza dhamana na nani atakayeingiza msimbo kwenye kompyuta. Muuzaji anayejibu yote manne mlipe haki yake hata kama bei inauma. Asiyeweza kukuonyesha vipimo, mwachie mzigo wake.