Nyumba za Lamu: Kuta zalindwa, desturi zapotea

MJI wa Kale wa Lamu ulitambuliwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mnamo 2001. Sheria za uhifadhi huzuia mwenye nyumba kubomoa au kubadilisha jengo la kale apendavyo. Hata hivyo, kinacholindwa zaidi ni mawe, chokaa na boriti, ilhali nyumba hizo zilijengwa kufuata desturi za waliozikalia.

Mgeni alipokewa katika daka, kijiukumbi cha mlangoni chenye mabaraza ya mawe, na mwanamume asiye wa jamaa hakupita hapo ila kwa idhini. Baada ya kiwanda, yaani ua wa ndani, vyumba virefu na vyembamba hufuatana. Wembamba huo umetokana na boriti za mikoko, ambazo haziwezi kubeba dari pana. Chumba kiitwacho ndani ni miongoni mwa vilivyositiriwa zaidi. Ukuta wake ulipambwa kwa zidaka za plasta zilizowekwa vyombo vya kaure.

Katika koo za waungwana, binti alipoolewa alipewa makao na wazazi wake, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Ndiyo sababu ghorofa ziliongezwa juu ya nyumba za zamani. Wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro, kiliunganisha nyumba mbili ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani.

Leo baadhi ya nyumba hizo zimenunuliwa na wageni na kugeuzwa nyumba za kulala watalii. Mkaguzi atakuta zidaka ziko shwari. Huenda hata zimekarabatiwa vyema kuliko za jirani! Ila ndani sasa ni chumba cha kukodishwa, na wikio haina wa kumpitisha.

Mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu turathi zisizoshikika, ambao Kenya iliuridhia 2007, unatambua desturi na maarifa ya mafundi kuwa turathi. Hauondoi, lakini, mzigo wa mwenye nyumba. Saruji hufungia unyevu na chumvi katika mawe ya matumbawe, hivyo ukarabati wahitaji chokaa na fundi aijuaye, na gharama yake si haba. Nyumba inaporithiwa na ndugu sita, fungu la kila mmoja huenda lisitoshe kuezeka upya dari moja. Mnunuzi mwenye fedha taslimu akibisha mlangoni, wengi huafikiana kuuza.