Tofali linalomulika, umeme ukiwa mbali

Na Mwandishi Wetu, Rumonge

ANAYESAFIRI usiku kwa barabara ya mwambao kutoka Bujumbura kwenda Nyanza-Lac huona taa nyingi ziwani kuliko nchi kavu. Ni taa za wavuvi wanaovuta samaki wadogo, wale ambao Kigoma huitwa dagaa na Rumonge huitwa ndagala. Ziwani kunameremeta kama mjini, lakini uani kwa watu wengi ni giza totoro, na njia ya kutoka mlango wa nyuma hadi chooni hutafutwa kwa kupapasa na miguu.

Wapo wanaotundika balbu ya sola ukutani, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, kuna njia nyingine ambayo fundi wa kawaida anaweza kuitengeneza kwa mikono yake: matofali ya kutandaza uani, yale mafundi wanayoyaita pevingi, yenye vitone vya mwanga juu yake. Ndani ya tofali hamna waya wa umeme wala balbu. Kilichomo ni nyuzi za plastiki zinazopitisha mwanga, maarufu kwa jina la faiba.

Ni kanuni ile ile ya mkongo wa mawasiliano. Mwanga ukiingia upande mmoja wa uzi, hugonga kingo za ndani na kurudishwa, ukaendelea hivyo hadi utokee upande wa pili. Mwaka 2009, Charles Kao alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi yake kuhusu nyuzi hizo. Mwaka huo huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam. Aidha, mwaka 2001 msanifu majengo wa Hungary, Áron Losonczi, alibuni zege lenye nyuzi hizo ndani yake, linalopitisha mwanga kutoka upande mmoja wa ukuta hadi wa pili.

Faida kubwa kwa mkazi wa mwambao ni usalama. Taa na betri hukaa kwenye sanduku kavu, pembeni na juu ya ardhi. Mvua ikinyesha, uani ukajaa maji, na watoto wakakanyaga peku, hakuna umeme unaopita chini ya miguu yao.

Vifaa

Mfano wetu ni njia ya urefu wa mita 3 na upana wa mita 1. Tofali la sentimita 20 kwa 10, lenye unene wa sentimita 6, huhitajika 50 kwa kila mita moja ya mraba. Hivyo jumla ni matofali 150. Yanayomulika yawe 6 tu, kila moja na nyuzi 10. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa matofali kama 100.

Nunua faiba ya plastiki yenye unene wa milimita 1. Usitumie nyuzi za kioo za mkongo wa simu. Vipande vyake huingia kwenye ngozi na macho bila kuonekana, na kuukata mkongo ni kosa la jinai linalozima mawasiliano ya watu wengi. Ukitaka kujaribu kwanza, hata nyuzi za zile taa za mapambo za mezani, zenye vinywele vinavyomulika nchani, zinafaa.

Mchanga nao una masharti yake. Maji ya Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, lakini mchanga unaweza kuwa na tope. Jaza chupa mchanga hadi nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, kisha acha kwa saa tatu. Tope likitanda juu ya mchanga kwa zaidi ya sehemu 8 katika 100, uoshe mchanga huo kwanza. Usiuchimbe ufukweni kiholela, maana Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 inalinda eneo la mita 150 kutoka ziwani.

Namna ya kutengeneza

Tengeneza kalibu ya mbao. Chini yake weka kipande cha foronya ngumu, ile nyeupe inayofungia televisheni kwenye maboksi. Choma nyuzi 10 ziingie ndani yake kama sentimita 1. Upande huo ndio utakuwa uso wa tofali. Mikia ya nyuzi ielekee juu, ifungwe pamoja na kuviringishwa nailoni isishike saruji.

Paka kalibu mawese kidogo ili tofali lisigande. Rumonge ni nchi ya michikichi, kwa hiyo hapa huhitaji kununua mafuta ya viwandani.

Changanya saruji ndoo 1, mchanga ndoo 2 na kokoto ndogo ndoo 3. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko mzima wa saruji. Zege la majimaji humiminika vizuri lakini hupasuka baadaye. Vaa glavu, kwani saruji mbichi huunguza ngozi. Shindilia kwa kijiti taratibu kuzunguka nyuzi, bila kuzivuta.

Fungua kalibu baada ya siku moja. Weka matofali kivulini na kuyamwagilia kwa siku 7. Nguvu yake kamili huipata karibu siku ya 28. Baada ya hapo kata ncha za nyuzi kwa wembe zilingane na uso wa tofali, kisha sugua kwa msasa, ukianza na wa kukwaruza na kumalizia na laini. Uzi usiosuguliwa hutoa mwanga hafifu.

Kutandaza na kuwasha

Chimba kina cha sentimita 19, shindilia kokoto sentimita 10, kisha mchanga sentimita 3. Chini ya mstari wa matofali yanayomulika acha mfereji wenye bomba la plastiki la kupitisha mikia. Nyuzi zisikunjwe kwa kona kali. Mkunjo uwe mpana kama duara la kikombe cha chai. Njia iiname sentimita 2 kwa kila mita ili maji yatoke.

Nyuzi zote 60 zikikusanywa hufanya fungu lenye unene wa kalamu. Zikate zilingane, zisugue, na uzielekeze kwenye taa moja ya LED ya wati 3. Plastiki hii haipendi joto, kwa hiyo acha nafasi ndogo kati yake na taa. Weka sanduku karibu na katikati ya njia: uzi wa mita 10 hupoteza kama theluthi moja ya mwanga, lakini wa mita 1 au 2 haupotezi kitu cha kuonekana.

Taa hiyo ikiwaka saa 4 kwa usiku hutumia wati-saa 12. Paneli ya sola ya wati 10 na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 zinatosha, na simu moja itachajiwa pia.

Kwa wafanyabiashara na waliorejea

Mfanyabiashara anayepita Mugina na Manyovu ajue kuwa mita 100 za faiba hii hazifiki uzito wa gramu 100. Ni mzigo wa mfukoni, lakini autangaze forodhani. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 unahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Faiba iliyotoka China haimo.

Kwa abahungutse, yaani waliorejea kutoka uhamishoni, swali ni zito zaidi. Waliokimbia Rumonge na Nyanza-Lac mwaka 1972 walirudi baada ya miaka 30 na zaidi na kukuta viwanja vyao vina watu wengine. Ndiyo sababu mwaka 2006 iliundwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB. Mtu ambaye kiwanja chake bado kina shauri ana haki ya kujiuliza: nimwage saruji kwenye ardhi ambayo huenda kesho si yangu?

Hapa ndipo pevingi inapolishinda zege la kumwaga. Matofali haya hukaa juu ya mchanga bila kuunganishwa kwa saruji. Shauri likienda vibaya, au ziwa likipanda kama lilivyopanda mwaka 2021 na 2024, mwenye mali huyang'oa moja moja, akafungua sanduku la taa, akahama navyo vyote. Yanayomulika ayatoe pamoja na mikia yake, bila kuikata.

Lakini tusidanganyane. Vitone hivi vinaonyesha njia. Havimuliki uso wa mwizi. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu anunue kwanza balbu ya sola. Mwenye balbu tayari aanze na matofali mawili, ayaweke kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mahali ambapo wazee hujikwaa.