Safu ya tano

Safu nne za kwanza za daftari lile unaweza kuzikuta kwenye steshenari yoyote nchini msimu wa udahili ukifika: jina, namba za mtihani za kidato cha nne na cha sita, barua pepe na nywila aliyofunguliwa mwombaji, namba ya simu. Nilikuwa nasubiri kopi zangu tu. Macho yakaangukia safu ya tano, nami nikaiacha foleni ipite. Humo mna herufi, kwa kalamu nyekundu, ukurasa baada ya ukurasa: B, B, M, R, B, K, Mj, B.

“Hiyo ni nani kachagua,” alisema mwenye duka, vidole vikiendelea kuchapa.

Duka lake ni kibanda cha kompyuta mbili jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro. Jina lake hataki litoke gazetini. Watoto wanamwita Anti, basi nami nitamwita hivyo. Nilipomwomba anisomee ile safu alifunga mlango wa printa, akavuta daftari, akaanza kwa kidole. M ni mwenyewe. B ni baba, na mama naye huingizwa humo, “maana mama wengi wanakuja kuniambia alichosema baba.” R ni rafiki: wamekuja wawili, wametoka na vyuo vilevile, kozi zilezile, kwa mpangilio uleule. Mj ni mjomba, au ndugu yeyote mwenye kazi anayetegemewa kulipa ada. K ni mkopo, kwa aliyesikia mtaani kwamba kozi fulani ina uhakika wa bumu. Kuna na herufi A, chache, alizozipita kidole kikikimbia.

Safu hii ilizaliwa na ugomvi. Mama mmoja alikuja kumfokea kwamba amemjazia mwanawe ualimu bila kuulizwa. “Na baba wa mtoto ndiye aliyesema, kwa simu, mimi nasikia. Ushahidi sina. Toka siku ile naandika.” Lakini huwezi kuandika bila kuuliza, na hapo ndipo Anti aligundua kwamba swali lenyewe lilikuwa halijawahi kuulizwa. “Namwambia, mdogo wangu, haya umechagua wewe? Wengine wanacheka. Wengine wanasema ndiyo, huku wanamwangalia mzee pale mlangoni.”

Hadi 2017 maombi ya shahada yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Tangu hapo mwombaji anaomba chuo kwa chuo, kila chuo na mfumo wake na ada yake, mara nyingi shilingi 10,000. Hivyo mtu wa steshenari amegeuka ofisa ushauri wa taifa bila barua ya uteuzi. Tena anampokea mtoto ambaye nusu ya milango yake ilifungwa zamani, siku alipojaza tahasusi kabla hata hajamaliza kidato cha nne. Aliyesoma HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, haombi uhandisi. Halafu kuna Jeshi la Kujenga Taifa, JKT: matokeo ya kidato cha sita yanatoka Julai, wakati wengi wako kambini kwa mujibu wa sheria. Anayekuja dukani ni mzazi na kikaratasi. “Hizo wiki,” Anti alisema, “daftari linakuwa B tupu.”

Anti hawaulizi waombaji ndoto zao. “Ukimuuliza ndoto atakwambia daktari, mwanasheria, basi.” Anauliza mambo mawili. La kwanza: huko ukipangiwa, utafikia kwa nani? Nilimsikia akimuuliza binti aliyeomba Dodoma. Binti akanyamaza, kisha akataja shangazi, kisha akakumbuka kwamba shangazi alishahamia Singida. La pili si swali hasa. Anafungua tovuti ya chuo, anatafuta orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza, anaisoma kwa sauti kama msomaji wa taarifa ya habari. Kijana aliyetaka uchumi alisomewa hesabu, takwimu, hesabu tena. “Anti, kumbe mna hesabu humo?” Dakika tano nyingine zikapita wakitafuta kozi nyingine. Nilijiuliza ni shule ngapi za sekondari zimewahi kumpa mwanafunzi dakika hizo tano.

Wanaoitaka SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huwafukuza kwa muda. “Iko hapahapa, panda daladala. Usiende ofisini, nenda wanapokula chipsi, uwaulize wa mwaka wa pili wanalia nini.” Baadhi wanakwenda. Wengine wanahamia steshenari ya pili, ambako hakuna maswali.

Kisa anachokirudia ni cha kijana wa PCB aliyepata D ya fizikia, D ya kemia na C ya baiolojia. Baba alikuja amekishika kitabu cha mwongozo cha TCU, kidole kikiwa kwenye ukurasa wenyewe: udaktari wa binadamu, ufaulu katika masomo yote matatu usiopungua D, jumla alama 6. Kijana ana 7. “Kitabu kinamruhusu, siwezi kubisha. Ila kwa ushindani wa Muhimbili, D mbili zinakwenda wapi?” Kijana mwenyewe alikuwa anataka udaktari wa mifugo, SUA. Baba akauliza, duka zima likisikia, kama amemsomesha miaka yote ili akachome ng’ombe sindano.

Waliomba vyote viwili. Kisha mfumo ukadai namba ya simu, na mimi, niliyekuwa sijawahi kuifikiria namba hiyo, nilihitaji kuelezwa uzito wake. Anayedahiliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu ya kuthibitisha chuo anachokwenda. Mwenye simu ndiye mwenye neno la mwisho. Baba akasema, “Weka yangu.” Anti akaweka. Kwenye safu ya tano aliandika M, akaikata, akaandika B, kisha akairudishia M pembeni. Kijana hakurudi awamu ya pili, kwa hiyo alipata mahali. Wapi, Anti hajui. Vyuo vinajua nani aliacha masomo mwaka wa kwanza, ila havijui alichaguliwa na nani, wala sijaona popote mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja.

Nikarudi kwenye zile A. Alinyoosha karatasi ambazo zilikuwa zimenyooka.

“A ni mimi. Mtoto anakuja saa kumi na moja jioni, dirisha linafungwa usiku, ana hela yake ya chuo kimoja. Namuuliza unataka nini? Ananiambia, yoyote tu Anti, nipate chuo. Sasa hiyo yoyote nani anaijaza?”

Nikamuuliza anaijazaje.

“Naangalia alama. Naangalia nauli ya kwenda kwao. Nikiwa bado sijui, naweka ualimu. Watoto wa kufundisha hawajawahi kuisha nchi hii.”

Nikamkumbusha walimu waliohitimu na kukaa nyumbani miaka wakisubiri ajira. Mmoja wao, alisema, ndiye anayemsaidia kuchapa kwenye kompyuta ile ya pili, na mwaka huu amemruhusu naye aanze kujaza A.