Kisu cha mfukoni kisitutie kidonda wala aibu

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Nami wangu sikuuacha kwa hiari. Kisu changu cha kukunja, nilichokitia mfukoni kwa zaidi ya miaka 20, kilivunjika mwezi uliopita hapa Msambweni. Bapa lake lilikuwa limenolewa hadi likawa jembamba kama mwezi mwandamo, na kosa lilikuwa langu mwenyewe: nilikitumia kama bisibisi, kwa tamaa ya kuokoa dakika mbili.

Huenda msomaji wa mjini akacheka na kuuliza iwapo kisu kidogo chastahili makala. Kwetu sisi wa Kwale kisu hicho ni mkono wa tatu. Asubuhi hukata kamba ya katani, adhuhuri humenya chungwa, jioni hukata mshipi uliojisokota na kuchana ngisi wa chambo. Zaidi ya hayo, mimi hubebesha miembe. Kijiti cha mwembe wa kisasa hupachikwa juu ya mche wa kienyeji, na mkato ukichanika badala ya kukatika, sehemu hizo mbili hazishikani na mche hufa. Makali butu, basi, ni hasara ya msimu mzima.

Nilitenga shilingi 1,500 nikashika njia ya Ukunda. Kijana muuzaji alinipokea kwa heshima. "Chukua hiki, mzee wangu," akaniambia, "ni mia mbili tu, na tazama kinavyong'aa!" Akabonyeza kitufe, bapa likachomoka kama ulimi wa nyoka. Kusema kweli nilitamanika, kwani kipya kinyemi ingawa kidonda.

Lakini kidonda nilikwisha kukiona. Mpwa wangu alinunua kisu cha namna hiyo, cha bei ya kutupa. Siku moja alikisukuma ncha katika nazi kavu. Komeo lililopaswa kulishikilia bapa likaachia, kisu kikajikunja juu ya kidole chake, akashonwa nyuzi tatu. Siku mbili hakwenda kazini, na ujira wa siku hizo ulizidi mara kadhaa bei ya kisu alichodhani kuwa rahisi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama si urembo bali komeo. Kifungue kisu, kikomee, kisha gandamiza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikijikunja, kirudishe. Pili, litikise bapa kushoto na kulia. Likicheza katika ribiti yake likiwa bado jipya, baada ya mwaka litakuwaje? Tatu, uliza ni chuma gani. Feleji ya kaboni hunoleka upesi, lakini huku kwetu, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi hadi ndani ya nyumba, hushika kutu usiku mmoja ikisahauliwa na unyevu. Ile tunayoiita isiyoshika kutu ina madini ya kromiamu, yapata asilimia 10.5 au zaidi. Hata hiyo hushika kutu ikitelekezwa, ila hukuvumilia zaidi.

Dunia haikosi visu vya watu wa kipato cha chini vilivyojipatia jina. Huko Savoie, Ufaransa, Joseph Opinel alibuni mwaka 1890 kisu cha mpini wa mti kwa ajili ya wakulima. Mwaka 1955 kikaongezwa pete ya kuzungusha inayolizuia bapa. Hakijabadilika sana tangu hapo, nacho huuzwa kwa feleji za aina zote mbili. Okapi nacho kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika, likiwemo lile lililokuwa ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Vanga. Kilipewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo, na tangu miaka ya 1980 hutengenezwa Afrika Kusini.

Okapi ni kisu cha mfanyakazi, imara na cha bei nafuu. Hata hivyo kikifunguliwa hualika meno yake, ta-ta-ta, na mlio huo umekipa sifa mbaya kusini mwa Afrika na hata Jamaica, kwa kuwa wahuni nao walikipenda. Kisu hakina hatia, lakini mwenye kisu huhukumiwa kwa macho. Huku Pwani Kusini wapo wasiosahau ghasia za Agosti 1997 zilizoanzia Likoni. Aidha, sheria ya Kenya humwadhibu atembeaye hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Kwa nini basi kijana anayetafuta kibarua Diani atie mfukoni chombo cha kuchomoka kwa kitufe, kisichomenya hata embe vizuri?

Hatimaye nilichagua kisu kisicho na jina: mpini wa mti, komeo thabiti, bapa lisiloshika kutu kwa urahisi, lenye urefu wa kidole changu cha kati. Nililipa shilingi 900. Shilingi 350 nilinunua noo, na 150 chupa ndogo ya mafuta ya nazi ya kupakia bapa na ribiti. Mia moja iliyosalia ikanirudisha Msambweni.

Nasisitiza habari ya noo kwa sababu wengi wetu hununua kisu na kusahau kinachokiweka hai. Kisu cha shilingi 900 kinachonolewa, kusuuzwa kwa maji matamu baada ya kazi ya baharini na kupakwa mafuta, kitakishinda kile cha shilingi elfu tano kinachooza mfukoni. Mwenye fedha chache hana budi kununua mara moja na kutunza kila siku, kwa maana anayenunua cha mia mbili kila baada ya miezi mitatu ndiye mtumiaji mkubwa wa fedha, ila hajui.

Nami nimeapa: bisibisi nitanunua yake.