Mugodi ulikufa, pompe zingali zinatembea
Kwa kinga katika bonde la Ruhr, nchi ya mine za zamani



Kwetu Katanga kinga ni chombo cha kazi. Mutu anaamuka saa nane ya usiku, anafunga magunia ya makala nyuma, anasukuma kilometre makumi mpaka kuingia Lubumbashi ao Likasi. Mwengine anabeba mawe ya shaba kutoka shimoni mpaka kwa mununuzi. Hakuna anayepanda kinga katika vumbi ya mine kwa kutafuta furaha.

Ulaya njo vile watu wanafanya sasa. Wako na kinga ya changarawe: usukani umepinda chini kama ule wa mashindano, lakini matairi ni manene, yanapita vizuri juu ya udongo na mawe madogo. Na pahali wanapenda kupita zaidi ni mabonde ya mito na nchi za mine za zamani. Sababu ni ya kazi kabisa, mutu wa mugodi ataielewa mara moja. Treni iliyojaa mawe haiwezi kupanda mulima mukali. Kwa hiyo wazee wa zamani walikata njia pole pole, bila kupanda sana, kilometre na kilometre, mbali na barabara za magari. Siku mine inafungwa na reli zinatolewa, njia inabaki: laini, ndefu, bila kamyo hata moja.

Tuchukue mufano wa Ruhr, inchi Ujerumani. Ni nchi ya makaa ya mawe, kama yale ya Luena kwetu, lakini kwa wingi usio na kipimo. Mwaka 1957, mine za makaa za Ujerumani ya Magharibi zilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 600 000, na sehemu kubwa yao walikuwa pale Ruhr. Leo hakuna hata mumoja anayeshuka kuchimba. Mine ya mwisho, Prosper-Haniel katika mji wa Bottrop, ilifungwa tarehe 21 Desemba 2018. Basi tufuate ile njia ya kinga, lakini tuangalie kwa macho ya mutu wa mugodi.

Njia ya treni ya mawe

Njia moja inaitwa Erzbahntrasse, maana yake njia ya treni ya mawe ya chuma. Inaanzia Bochum, karibu na jumba kubwa la kiwanda cha chuma cha zamani, na inaenda karibu kilometre 10 mpaka bandari ndogo ya Grimberg, kando ya mufereji wa meli unaoitwa Rhein-Herne-Kanal. Zamani mashua zilileta mawe ya chuma pale bandarini, na treni ikayapeleka juu mpaka kwenye matanuru ya Bochum. Sasa reli hakuna. Wameweka changarawe, wameishindilia vizuri. Kinga inapita juu ya madaraja, chini yake magari na treni zingine. Pale mwisho kuna daraja lililopinda kama mundu juu ya mufereji.

Ukifuata mufereji upande wa mangaribi, unafika Nordstern. Ilikuwa mine, ikafungwa mwaka 1993. Miaka ine tu kisha, mwaka 1997, pahali pale pale palifanyika maonyesho ya maua ya taifa zima. Ukikata upande wa kusini kidogo, unaingia Essen, kwenye mine ya Zollverein. Hiyo ilianzishwa mwaka 1847. Shimo lake namba XII lilifunguliwa mwaka 1932, na ule munara wa chuma wa kuteremusha kaji ungali umesimama paka leo. Kazi ilisimama mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO iliiandika katika urizi wa dunia. Mahali walipokuwa wanaosha makaa, leo ni nyumba ya makumbusho. Wazee waliofanya kazi chini wanaweza kuleta wajukuu, kuwaonyesha: angalia, pale njo nilikuwa naingilia.

Tulinganishe kidogo. Sisi terili ya Lubumbashi, kile kilima cheusi kando ya bomba refu la moshi, tunaijua wote, iko mpaka kwenye picha za mji. Lakini mutoto wa leo akiuliza baba yake wazee walikuwa wanafanya nini pale, ni nyumba gani itamujibu?

Mto uliofanywa mufereji wa uchafu

Kando ya ule mufereji wa meli kuna mto unaoitwa Emscher. Hapo njo somo kubwa linaanzia.

Ukitoa makaa chini, udongo wa juu unashuka. Katika Ruhr kuna pahali palishuka zaidi ya metre 20. Sasa utaweka wapi mabomba ya maji machafu ya miji? Ukiyazika, udongo ukishuka yanavunjika. Wakubwa wa wakati ule waliamua kuutoa mto wenyewe sadaka. Mwaka 1899 wakaunda shirika la Emscher, na wanamemba wake walikuwa miji, mine na viwanda. Mto ukanyooshwa kama kamba, ukawekwa beton chini, na choo cha mamilioni ya watu pamoja na maji ya mine vikapita ndani yake, wazi, mbele ya macho. Karibu miaka mia moja familia za wafanyakazi ziliishi na harufu ile. Mutoto alikatazwa kukaribia, maana kingo za beton ni kali na mwenye kuteleza ndani hana pa kushika.

Wakati mine zilihamia upande wa kaskazini na udongo ukaacha kushuka pale, njo kazi ya kutengeneza mto ikawezekana. Ilianza mwaka 1992. Wamechimba bomba kubwa la chini, kilometre 51, kutoka Dortmund mpaka Dinslaken, ili choo kipite ndani yake. Mwisho wa mwaka 2021 mto Emscher ulikuwa hauna tena maji machafu ya miji. Bei yake: karibu miliardi 5 na nusu za euro. Samaki wamerudi, ndege wamerudi, na kando ya maji kuna njia ya kinga ya karibu kilometre 100, kutoka chemchemi mpaka mto Rhein.

Miaka 30 na miliardi 5 na nusu, kwa mto wa kilometre 80 na kitu. Yeyote anayesema kuharibu mto ni jambo dogo, na kwamba "tutaona kisha", apelekwe kusoma hesabu ile.

Musalaba juu ya mabaki

Karibu na Bottrop kuna kilima cha mabaki ya mine, Halde Haniel. Njia inapanda kwa kuzunguka. Mwenye kinga anapumua kwa nguvu, na kandoni anaona vituo 15 vya Njia ya Musalaba, vilivyopambwa na vyombo vya kazi ya mugodi. Juu kuna musalaba mukubwa uliotengenezwa na mbao zile zile zilizokuwa zinaongoza kaji ndani ya shimo. Papa Yohane Paulo II alitembelea wafanyakazi wa mine ile mwaka 1987. Ijumaa Kuu waumini wanapanda kilima kwa maandamano na sala. Mabaki ya jasho la wazee yamekuwa pahali pa kusali, na Wakristu wa kambi zetu hawatashindwa kuelewa maana yake.

Kile ambacho mwenye kinga haoni

Lakini ndugu, uzuri wote ule unasimama juu ya kitu kimoja kisichoonekana: pompe.

Kwa sababu udongo ulishuka, sehemu nyingi za Ruhr ziko chini kuliko mito yao. Pompe zikisimama, karibu sehemu moja kwa tano ya eneo lile itageuka ziwa, nyumba na makanisa ndani. Tena chini kabisa, katika mashimo ya zamani, maji yenye chumvi na uchafu yanapanda. Lazima yatolewe yasifike kwenye maji ya kunywa. Kazi hiyo haina mwisho. Wajerumani wenyewe wanaiita kazi za milele.

Nani analipa? Hapa musome pole pole. Mwaka 2007, miaka 11 mbele ya kufunga, Leta, majimbo, kompani ya makaa RAG na sendika ya wafanyakazi wa mugodi walikaa meza moja. Wakakubaliana tarehe ya mwisho. Wakaunda mufuko unaoitwa RAG-Stiftung, wakaupa mali: aksio za kompani kubwa ya kemia, Evonik. Faida ya mali ile njo inalipa pompe tangu mwaka 2019, mamia ya milioni za euro kila mwaka. Na juu ya wafanyakazi, neno la sendika lilikuwa moja: hakuna mutu wa mugodi atakayetupwa njiani. Wazee wakaingia pansioni mbele ya wakati, vijana wakafundishwa kazi ingine ao wakahamishwa.

Musizani walipewa bure. Tangu mwaka 1951 wafanyakazi wa makaa na chuma wako na sheria inayowapa viti nusu katika baraza linalosimamia kompani, kisha wao kutishia mugomo mukubwa. Mwaka 1997, serikali ilipotaka kukata feza haraka, watu karibu 220 000 walishikana mikono tarehe 14 Februari, mustari wa kilometre zaidi ya 90 kupitia Ruhr. Mwezi uliofuata wafanyakazi waliandamana mpaka Bonn, mji ambamo serikali ilikuwa inakaa wakati ule. Nguvu ile njo ilileta meza ya 2007.

Tena tusiseme kule ni mbinguni. Gelsenkirchen, mji wa Nordstern, ungali kati ya miji yenye wachomeri wengi kupita yote ya Ujerumani. Njia ya kinga haileti mushahara ule ule wa mugodi. Lakini mutoto wa pale anakunywa maji safi na nyumba yake haizami.

Na sisi?

Sisi pia tuko na mabonde: Lufira, Lualaba, Musonoi. Tuko na pompe pia. Ulizeni watu wa Kipushi. Mine ile ilianza mwaka 1924, ikasimama mwaka 1993. Mwaka 2011 pompe kubwa iliharibika, maji yakapanda ndani ya shimo. Ilihitaji miaka mingi ya kutoa maji na kutengeneza mbele zinki itoke tena, mwaka 2024. Mugodi uliolala unakula feza kila siku. Ukikosa kuulisha, maji yanaukamata.

Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa kompani ya Leta walitoka kwa ile Départs Volontaires. Kila mumoja alipewa feza mukononi na kutia sahihi. Kulikuwa mufuko gani wa kubaki nyuma yao, kwa maji, kwa shule, kwa hospitali za kambi? Kila familia inajua jibu lake. Na mwaka 2009 watafiti wa Université de Lubumbashi pamoja na wa Leuven walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na mine na viwanda vya Katanga wako na kobalti nyingi katika mukojo wao kuliko watu wa mbali.

Sheria hatukukosa. Kodi ya Mine iliyobadilishwa mwaka 2018 inaomba kompani kuweka sûreté financière, ni kusema feza ya dhamana kwa kutengeneza udongo kisha kazi. Inaomba pia asilimia 0,3 ya mauzo yote kwa maendeleo ya wakaaji, na cahier des charges pamoja nao. Kazi yetu ni kuuliza.

Basi kwenye mukutano ujao na delege wenu, mupeleke maulizo haya. Kwanza, dhamana ya kutengeneza udongo ya mine yetu iko benki gani, na ni kiasi gani? Pili, siku kazi itasimama, nani ataendesha pompe, na kwa feza ya nani? Tatu, kuna mupango gani kwa wafanyakazi: mafunzo, pansioni, kuhamishwa? Ine, maji ya mto yanapimwa na nani, na bamama wanaofua pale watasoma wapi matokeo? Tano, nyumba, shule na njia za treni zitabaki za nani? Muombe jibu kwa maandishi, na mutunze kopi nyumbani.

Wajerumani walianza kuzungumuza miaka 11 mbele, wakati makaa yalikuwa yangali yanapanda. Sisi shaba na kobalti bado zinatoka, kila siku kamyo zinapanga mustari Kasumbalesa. Kwa hiyo wakati wa kuuliza ni sasa, wakati bado wanahitaji mikono yetu.