Simu kwa Simu: Mtandao wa Kupeana

Tarehe 12 Mei 2024 watu wengi hapa Tanzania walishika simu zao wakakuta intaneti haipatikani, au inakwenda kwa kujikokota. Wengine walidhani simu zimeharibika. Kumbe shida ilikuwa mbali. Nyaya mbili zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Kwa nini waya ukikatika huko mbali baharini, sisi wa Mbeya na Iringa tukwame?

Vitu vinakaa wapi?

Somo au wimbo unaouangalia kwa simu, mara nyingi haumo ndani ya simu yako. Umewekwa katika kompyuta kubwa za kampuni, na nyingi ziko ng'ambo. Simu yako huuomba huko. Ombi hupita kwenye mnara, halafu kwenye Mkongo wa Taifa, ambao unapita Iringa na Mbeya mpaka Tunduma. Kisha huenda baharini. Hata kama jirani yako aliliona somo hilo hilo jana, wewe unalifuata tena mbali, na bando lako linakatwa.

Hebu tufikirie mbegu za maharage. Zikiwa zote katika ghala moja, ghala likifungwa hakuna atakayepanda. Lakini kila nyumba ikiweka mbegu zake, nyumba moja ikiungua, majirani watakupa.

Mtandao wa mtu kwa mtu

Katika mtandao wa namna hii hakuna ghala moja kubwa. Kila simu au kompyuta inapokea na pia inatoa. Wengi wetu tumekwisha kufanya hivyo. Kijana akimrushia mwenzake wimbo kwa Bluetooth, bando halitumiki. Ila Bluetooth hufika kama mita 10 tu, kwa hiyo lazima wakae karibu.

Kompyuta zilizo mbalimbali nazo zinaweza kupeana. Mwaka 2001 Mmarekani Bram Cohen alitengeneza programu ya BitTorrent. Programu hiyo hukata kitu kikubwa vipande vidogo vidogo. Ukipata kipande, unawapa wengine, nao wanakupa vyao. Kila kipande kina alama yake. Kikichezewa njiani, alama hailingani, basi kinakataliwa. Kazi hii ni kama kulima kwa zamu: watu wakiongezeka, shamba linakwisha upesi.

Hapa nchini, wilayani Kondoa, upo mtandao wa jamii ulioanzishwa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Unapitisha intaneti katika mawimbi ya televisheni yasiyotumika. Bado unahitaji intaneti toka nje, lakini wenyeji wanashiriki kuuendesha.

Tujihadhari

Alama ya kipande inaonyesha kwamba kipande ni kizima. Haionyeshi kwamba maneno yake ni ya kweli. Tuseme mtu amerekodi somo la viwavijeshi vamizi, akataja kipimo cha dawa kisicho sahihi. Somo hilo likipita simu kwa simu toka Igurusi mpaka Mafinga, mahindi ya wengi yataungua. Na hakuna mahali pamoja pa kulifuta. Vilevile, ukishatoa picha ya siri au cheti cha ugonjwa wako, huwezi kukirudisha. Hata virusi vya simu husafiri kwa njia hiyo hiyo.

Tufanye hivi

1. Somo zuri la kilimo au la afya tulihifadhi katika simu kadhaa za kijiji, siyo moja.
2. Kabla ya kulipokea tuulize: nani amelitoa, na mwaka gani?
3. Habari ya dawa tumwonyeshe kwanza bwana shamba au mganga wa zahanati.
4. Tusipokee programu tusiyoijua, hata kama anayetupa ni rafiki.

Kupeana ni desturi yetu ya siku nyingi. Lakini mkulima hapokei mbegu bila kuitazama kiganjani. Na hizi za kwenye simu tuzitazame vivyo hivyo.

Maswali ya kujadili

1. Intaneti ikikatika wiki moja, ni mambo gani yatakwama kijijini kwetu?
2. Ni masomo gani yafaa kuhifadhiwa katika simu zetu?
3. Nani kijijini atatusaidia kuyakagua?