Mama Atafutaye Radhi kwa Mwanawe

Sisi watu wa pwani tumelelewa tukijua kwamba radhi hutoka kwa mzazi ikamshukia mwana. Mwana humwendea mamake akambusu mkono, akaomba radhi kabla ya safari, kabla ya ndoa, na pale mzazi anapolala kwa maradhi yake ya mwisho. Mama kumwandama mwanawe miaka nenda miaka rudi akimwomba amridhie, hilo ni jambo la kushangaza masikioni mwetu. Nalo ndilo kiini cha mchezo wa televisheni wa Kimarekani uitwao Mildred Pierce. Ingawa watu wake si wa mila zetu wala si wa dini yetu, wafaa kuzungumzwa barazani na ukumbini.

Mchezo huu ulionyeshwa na kituo cha HBO mwaka 2011, kwa sehemu 5, ukiongozwa na Todd Haynes. Asili yake ni kitabu cha James M. Cain kilichotoka mwaka 1941. Mwaka 1945 kitabu hicho kilifanywa sinema, na Joan Crawford akapata tuzo ya Oscar kwa kuigiza kama Mildred. Lakini sinema ile ilitia mauaji ambayo hayamo kitabuni, hata mtazamaji akashughulika kumsaka muuaji akawasahau mama na binti. Mchezo wa 2011 umekirudia kitabu. Kate Winslet ndiye mama. Binti yake, Veda, ameigizwa na Morgan Turner akiwa mdogo, na Evan Rachel Wood akiwa mkubwa.

Kisa chaanza mwaka 1931 mjini Glendale, jimbo la California, wakati wa ukata mkubwa uliowaacha Wamarekani wengi bila kazi. Bert, mume wa Mildred, amefilisika, tena ana mwanamke mwingine. Mildred amtoa nyumbani, akabaki na mabinti wawili, Veda na mdogo wake Ray, na ujuzi mmoja tu mkononi: mapishi. Huoka keki na pai, zile za unga zilizotiwa matunda ndani, akawauzia majirani. Hazitoshi. Apelekwa kwa bibi mmoja tajiri, Bi. Forrester, aajiriwe mtumishi wa nyumba. Akataa, kwani aona atajishusha. Mwisho akubali kazi ya kuhudumia meza katika hoteli moja ya chakula. Lakini sare ya kazi aificha nyumbani ili wanawe wasiione.

Veda aivumbua. Naye, kwa ujeuri usiolingana na umri wake, ampa mfanyakazi wa nyumbani aivae. Mildred ashikwa na hasira, ampiga mwanawe. Halafu, badala ya kumwambia kwamba sare hiyo ndiyo inayowalisha, amwambia kuwa kazi ile ameichukua ili ajifunze biashara, kwani ataka kufungua hoteli yake mwenyewe.

Hapa yafaa tutulie kidogo. Watazamaji wengi humlaani Veda tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa hakika binti huyu ana mengi ya kulaaniwa. Lakini ni nani aliyemfundisha kwamba kazi ya mikono ni aibu? Aliyeificha sare ni mama mwenyewe. Mtoto aliiona haya machoni mwa mamake kabla hajaitamka kwa ulimi wake. Tangu siku ile mama hafanyi kazi ili watoto wale tu. Afanya kazi ili Veda asimwonee haya.

Na kazi yenyewe yafanikiwa. Mildred afungua hoteli ya kuku wa kukaanga na pai, kisha ya pili Beverly Hills, na ya tatu ufukweni Laguna Beach. Mwanamke aliyeachwa bila senti awa tajiri kwa jasho lake, na sehemu hii ya mchezo yapendeza kuitazama. Lakini kila apatapo, apeleka kwa Veda: mwalimu wa piano, mavazi, gari. Veda apokea kila kitu, wala hashukuru. Amdharau mama kwa harufu ya mafuta ya jikoni, na papo hapo azitumia pesa zilizotoka jikoni humo.

Yule mdogo, Ray, afa kwa homa. Kitabu chasema wazi kwamba katika msiba ule, ndani ya moyo wa Mildred mlikuwa na furaha ya siri kuwa aliyechukuliwa si Veda. Ni jambo zito kulisikia. Sisi tunayo hadithi ya Nuuman bin Bashir, ambaye babake alimpa zawadi pasipo kuwapa nduguze, na Mtume (S.A.W.) akakataa kuwa shahidi wa jambo hilo. Mildred aliyatoa mapenzi yake yote kwa mtoto mmoja, na mtoto yule yakamharibu.

Veda akuwa, na ubaya wakuwa naye. Awadanganya watu wa nyumba ya Bi. Forrester yule yule kuwa amepata mimba ya mwana wao, ili awatoze dola 10,000. Mamake anapojua, binti amwambia kinaganaga: pesa zile azitaka ili aepukane naye, na kuku wake, na pai zake, na jiko lake. Mildred amfukuza. Lau kisa kingekoma hapo, tungesema mama amezinduka.

Hakuzinduka. Veda ageuka mwimbaji hodari wa nyimbo za opera, na mama amsikia kwenye redio kama mtu wa mbali. Mwalimu wa binti amwonya: huyu ni kama nyoka wa rangi nzuri, mtazame katika bustani ya wanyama, usimpeleke nyumbani. Mildred hasikii. Aolewa na Monty Beragon, bwana wa ukoo wa kitajiri uliofilisika, na kumnunulia jumba lake la Pasadena, alimradi Veda arudi. Na Veda arudi. Gharama zapanda, mama ala mtaji wa kampuni yake mwenyewe. Usiku anapokwenda kumwomba binti amsaidie, amkuta chumbani pamoja na Monty, katika hali isiyoelezeka gazetini. Kwetu sisi mtu akishamwingilia mkewe, binti wa mke huyo huwa ni haramu kwake milele. Hata wasio na sheria hiyo, walioutazama mchezo, walijua kuwa pale mpaka umevunjwa.

Mildred apoteza kampuni, arudi kwa Bert na nyumba ile ya Glendale, na faraja yao ni chupa ya pombe. Veda aenda New York na Monty.

Dini yetu imekataza hata kuwagunia wazazi wawili, na hapo Veda hana la kujitetea. Lakini dini hiyo hiyo imetuonya kwamba mali na watoto ni mtihani, na onyo hilo ni la mzazi. Katika miji yetu, Mombasa, Lamu hata Malindi, wako akina mama waliosomesha wana kwa mahamri, vitumbua na viazi vya karai. Wengi wao waliwaamsha wanao alfajiri wakawasaidia kukanda unga na kuuza. Mtoto aliyeshika sinia la mamake ajua chakula chake kilitoka wapi. Walio hatarini ni wale tunaowaficha jiko, tukidhani tunawapenda.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema wazee. Mildred alichelea machozi ya Veda, akachelea na dharau yake pia. Mama afanyaye kazi ya halali asiifiche sare yake. Aitundike palipo wazi, mwana aione kila asubuhi, naye akikuwa ndiye atakayekuja kuomba radhi.